"Kaka, mfumo umekufa": kutafuta tatizo mfanyakazi anaposhindwa kufungua mafaili ya ofisi akiwa nje

Saa moja na nusu asubuhi simu inaita. Ni dada wa uhasibu, yuko kwake Mbagala, Dar es Salaam, leo haji ofisini. "Kaka, mfumo umekufa." Namuuliza anaona nini kwenye skrini. "Sioni kitu, haifunguki tu."

Hiyo bado si dalili, na fundi anayekimbilia kuzima na kuwasha seva kwa sababu ya maneno hayo anafuta ushahidi wake mwenyewe. Mimi kabla sijagusa chochote nauliza maswali matatu. Uko wapi na unatumia mtandao gani? Skrini imeandika nini hasa, na kama kuna namba, ni ipi? Mwenzako je, anafungua? Majibu yakishapatikana, mara nyingi nakuwa nimejua tatizo liko upande gani hata kabla sijafungua kompyuta yangu.

Ninayoeleza hapa yanahusu mpangilio ninaokutana nao zaidi kwenye ofisi za watu kumi hadi hamsini. Seva moja ya Ubuntu iko chumba cha nyuma. Juu yake kuna Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi na kufungulia mafaili kwa kivinjari, iliyoanza 2016 baada ya Frank Karlitschek na wenzake kujitenga na ownCloud. Mbele yake anasimama Nginx kama bawabu, na cheti cha usalama, kile kinachoiwezesha anwani kufunguka kwa https, ni cha Let's Encrypt. Ndani zimeunganishwa zile folda za Windows ambazo ofisi imezitumia miaka nenda rudi. Mfanyakazi anaandika anwani, tuseme mafaili.mfano.co.tz, anaingiza jina na neno la siri, anaweka tarakimu sita kutoka kwenye simu, anaona folda zake. Hasakinishi chochote kwenye kompyuta ya nyumbani. Hilo lina faida yake: kompyuta ya nyumbani ndiyo ile ile mtoto anayochezea gemu, na sipendi kuifanya iwe sehemu ya mtandao wa ofisi. Tena kwa Tanzania, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipowataka wanaotumia VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao mwingine) wajitambulishe, ofisi nyingi hazina hamu ya kumpa kila mfanyakazi VPN yake.

Ombi la huyo dada linapita vituo hivi: jina la domeini, anwani ya IP, rauta ya ofisi, Nginx, PHP (injini inayoendesha Nextcloud), Nextcloud yenyewe, kisha diski. Kila dalili inakuambia limekwama kituo gani. Fuata njia hiyo hiyo kutoka nje kuingia ndani, usianzie katikati.

"Ofisini inafunguka, nje haifunguki kabisa"

Kivinjari kinazunguka, kinazunguka, halafu kinasema seva imechelewa kujibu. Hapa seva ni nzima, ila njia ya kutoka nje hadi kwake imekatika au haijawahi kuwepo.

Chukua simu yako, zima Wi-Fi, tumia bando, ujaribu mwenyewe. Usipime kwa kompyuta iliyo ndani ya ofisi, itakudanganya. Ikishindikana, angalia jina linakwenda wapi:

nslookup mafaili.mfano.co.tz

Kisha ingia kwenye rauta utazame anwani ya upande wa nje, ile inayoitwa WAN. Halafu ukiwa ofisini fungua tovuti yoyote ya kukuonyesha IP yako. Sasa una namba tatu: ya jina, ya rauta, na ile ambayo dunia inaiona. Zote tatu zinatakiwa kuwa sawa.

Kama ya jina ni tofauti na hizo mbili, mtoa huduma amekubadilishia anwani. Kwa kawaida hutokea umeme ukikatika na rauta ikawaka upya. Lipia anwani isiyobadilika, au weka huduma ya DDNS inayosahihisha jina yenyewe, na punguza TTL ya rekodi hiyo, yaani muda ambao wengine wanaikumbuka, hadi sekunde 300 ili mabadiliko yasikae siku nzima kabla ya kuwafikia watu.

Kama ya rauta ni tofauti na ile dunia inayoiona, hapo kuna jambo zito zaidi, na ndilo ninalolikuta sana kwenye ofisi zinazotumia rauta za 4G au Starlink. Tazama namba ya rauta. Ikianza na 100, na ya pili ikawa kati ya 64 na 127, uko nyuma ya CGNAT. Kundi hilo la anwani lilitengwa 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaogawana anwani moja ya nje kwa wateja wengi. Ikianza na 10 au 192.168 mara nyingi habari ni ile ile. Wewe ni mpangaji kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye geti moja, na ufunguo wa geti anao mwenye nyumba. Ufungue poti (milango ya namba ya kuingilia) kwenye rauta yako mpaka kesho, hakuna mgeni atakayefika mlangoni kwako. Nimewahi kumkuta kijana amepoteza wikendi nzima akibadilisha rauta tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia hili.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza, mwombe mtoa huduma anwani ya umma. Kwenye huduma za faiba za biashara mara nyingi wanayo, kwa malipo ya ziada. Ya pili, kodi seva ndogo mahali penye anwani ya umma, kisha seva ya ofisi iwe ndiyo inayoanzisha muunganisho kwenda kule kwa WireGuard, programu ya VPN. Usisahau kuweka PersistentKeepalive 25, la sivyo njia itafungwa kimya kimya kila ofisi ikitulia. Ya tatu ni Cloudflare Tunnel, huduma ya kampuni ya Cloudflare, ambapo programu yao ndogo kwenye seva yako inatoka nje yenyewe na huhitaji kufungua poti hata moja.

Hiyo ya tatu ni rahisi na naitumia, lakini uijue vizuri kabla hujamwambia bosi kwamba kazi imekwisha. Usimbaji wa mawasiliano unafunguliwa kwenye mitambo ya Cloudflare kisha yanasimbwa tena kuja kwako, kwa hiyo wao wapo katikati. Na mpango wao wa bure hauruhusu ombi moja kuzidi MB 100, jambo litakalorudi kukusumbua huko chini. Njia ya seva ya kukodi nayo ina lake. Ukiikodi Frankfurt, mfanyakazi wa Mbagala anayefungua faili lililoko ofisini Posta, katikati ya jiji, anakwenda Ulaya na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukalegea Afrika Mashariki nzima, safari ya namna hiyo ilikuwa mateso. Mwenye anwani ya umma hapa hapa ana nafuu, kwa sababu watoa huduma wa ndani wanaweza kubadilishana data Dar es Salaam kwenye TIX, au Nairobi kwenye KIXP, bila kuvuka bahari.

Namba zote tatu zikiwa sawa na bado haifunguki, tazama poti 443, ile ya https, imeelekezwa kwa nani ndani ya rauta. Hapa kuna mtego wa umeme tena. Seva ilikuwa 192.168.1.10, umeme ukakatika, rauta ikagawa anwani upya, sasa 192.168.1.10 ni printa. Wageni wanagonga mlango wa printa. Ifungie seva anwani yake kwenye rauta kwa kutumia MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao), na uinunulie UPS.

Nionye kitu kimoja kabla hatujaondoka kwenye rauta. Fundi akishachoka, huja na wazo la "tufungue tu 445 wafungue folda moja kwa moja kutoka nyumbani", au 3389 waingie kwenye kompyuta ya ofisi. Usikubali. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilizunguka dunia kwa kupitia huo mlango wa 445, kwenye mashine ambazo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo lakini hakikuwa kimewekwa. Kwenye rauta iachwe wazi 443, na 80 kwa sababu ya cheti. Basi.

"Nyumbani inafunguka, ofisini ndiyo haifunguki"

Hii huwachanganya watu kwa sababu ni kinyume cha mategemeo. Mfanyakazi aliyezoea kufungua akiwa nyumbani anakuja ofisini na laptopu yake, anaunganisha Wi-Fi ya ofisi, inagoma.

Jina linamwelekeza kwenye anwani ya nje ya ofisi. Ombi linatoka hadi kwenye rauta, na rauta inatakiwa iligeuze lirudi ndani. Rauta nyingi za bei nafuu hazijui kugeuza hivyo. Ama utafute kwenye mipangilio yake sehemu ya NAT loopback uiwashe, ama, na hii ndiyo napenda, uweke DNS ya ndani (mtafsiri wa majina kuwa anwani za IP) inayojibu 192.168.1.10 kwa yeyote aliyeko ofisini.

Ukishafanya hivyo, baadhi ya simu zitaendelea kugoma. Ni zile zilizowashwa DNS binafsi kwenye Android, au Chrome iliyowekewa DNS salama. Hizo haziiulizi DNS ya ofisi kabisa, zinauliza nje na kupewa anwani ya nje. Niliwahi kuhangaika na simu mbili kati ya ishirini kwa sababu hiyo, zote mbili za watu wanaojali usalama kuliko wenzao.

Onyo jekundu: "muunganisho wako si salama"

Kwanza uliza: ni mtu mmoja au wote?

Akiwa mtu mmoja, muulize kompyuta yake inasema leo ni tarehe ngapi. Laptopu ya zamani iliyokufa betri ya ubao mama husahau tarehe ikizimwa, inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma, na kwa macho yake cheti chako bado hakijazaliwa. Arekebishe saa, onyo litaondoka.

Wakiwa wote, cheti kimekwisha muda. Vyeti vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na programu ya certbot huvihuisha yenyewe vikikaribia mwisho, hivyo swali ni kwa nini safari hii haikuweza. Iulize:

sudo certbot renew --dry-run

Mara nyingi jibu ni kwamba mtu alifunga poti 80 "kwa usalama". Njia ya kawaida ya kuthibitisha domeini inapita hapo hapo. Ifungue tena na uache Nginx ielekeze kila kitu kingine kwenda 443, au uhamie uthibitisho wa kupitia DNS. Wakati mwingine utakuta cheti kipya kipo kwenye diski tangu wiki tatu zilizopita, ila Nginx haijaambiwa ikisome, bado inaonyesha cha zamani. Weka deploy-hook ya kuipakia upya Nginx kila cheti kikihuishwa. Na usikae ukisubiri barua pepe ya kukukumbusha. Let's Encrypt waliacha kuzituma Juni 2025. Weka kipimo chako mwenyewe, hata kama ni kumbusho kwenye kalenda ya simu.

Jambo moja la malezi: usimwambie mfanyakazi abonyeze "endelea hivyo hivyo" mpaka utakapotengeneza. Ukimzoesha leo, siku atakapokuwa kwenye Wi-Fi ya hoteli na mtu amejipachika katikati, atabonyeza vile vile.

"Inasema domeini haiaminiki"

Nafuu kubwa, hii. Ombi limefika Nextcloud, na Nextcloud haitambui jina alilotumia. Ongeza jina hilo kwenye trusted_domains ndani ya config.php, faili la mipangilio ya Nextcloud. Hutokea baada ya kubadilisha domeini, au pale mtu anapoingia kwa namba ya IP badala ya jina. Usiweke nyota kuruhusu kila jina, hata kama umeshauriwa hivyo mtandaoni.

"Naweka neno la siri, inazunguka tu"

Ukurasa wa kuingia unaonekana vizuri. Akibonyeza, duara linazunguka bila mwisho, au anarudishwa pale pale. Hapa kuna magonjwa manne yenye sura moja.

La kwanza: Nginx inazungumza na nje kwa https lakini inaipelekea Nextcloud kwa http, na Nextcloud inajenga viungo vyake kwa http. Kivinjari kinakataa kutuma fomu kutoka kurasa salama kwenda isiyo salama. Ongeza kwenye config.php:

'overwriteprotocol' => 'https',

La pili ni la kinga dhidi ya wabahatishaji, na ndilo ninalotaka ulielewe vizuri. Nextcloud inahesabu makosa ya neno la siri kwa kila anwani ya IP, na inazidi kuchelewesha majibu kwa anwani yenye makosa mengi, hadi sekunde 25, kisha inakataa kabisa kwa namba 429. Sasa kama hukuijulisha kwamba Nginx ni bawabu wake, inaona watu wote wanatoka anwani moja, ile ya Nginx. Mmoja akikosea neno la siri mara kadhaa Jumatatu asubuhi, ofisi nzima inaadhibiwa. Dalili yake ni hiyo: kuingia ni kugumu kwa wote, lakini aliyekwisha ingia anafanya kazi bila shida.

Dawa ina sehemu mbili. Nginx ipeleke anwani halisi ya mgeni kwenye kichwa cha X-Forwarded-For, na Nextcloud iwekewe IP ya Nginx kwenye trusted_proxies. Kisha ufute adhabu iliyopo kwa occ, chombo cha amri cha Nextcloud, ukiandika mwishoni anwani ya Nginx yako:

sudo -u www-data php occ security:bruteforce:reset 192.168.1.5

Nimeona mafundi wakiizima kinga yenyewe ili simu ziache kuita. Simu zinaacha kweli. Ila mlango umebaki bila bawabu, na majaribio ya kubahatisha maneno ya siri kutoka nje yanakuja usiku kucha. Ukishaweka trusted_proxies vizuri, soma kumbukumbu za seva utaona anwani zake.

La tatu: diski imejaa. Seva haina pa kuandika hata kipande kidogo cha kumkumbuka aliyeingia, basi inamrudisha mlangoni. Andika df -h uone. Mara nyingi mla nafasi ni kumbukumbu za makosa, au pipa la taka la mfanyakazi aliyepakia video za harusi.

La nne ni tarakimu sita kukataliwa. Hizo tarakimu zinazaliwa kutokana na saa, mpya kila sekunde 30. Saa ya simu ikitofautiana na ya seva, hazikubaliki. Kuna kisa kinachojirudia: mtu anakwambia "saa yangu iko sawa, tazama", na kweli inasoma saa nne na robo kama yako. Lakini simu yake imewekwa ukanda wa saa wa nchi nyingine, naye akasogeza mishale kwa mkono mpaka ikafanana. Kwa macho iko sawa, kwa hesabu ya dunia imepotea masaa. Mwambie awashe saa ya kujiweka yenyewe. Upande wa seva, timedatectl itakwambia kama inalingana na saa za mtandaoni.

413, 502, 504: faili kubwa halipandi

Faili la KB 300 linapanda, la MB 40 linakataa na namba 413. Kuna mtu njiani amesema mzigo ni mkubwa, na kazi yako ni kumjua ni nani. Nginx bila kuelekezwa hupokea MB 1 tu, kwa hiyo client_max_body_size ndiyo mshukiwa wa kwanza. Baada yake ni PHP, ambayo kwa kuzaliwa kwake inapokea faili la MB 2 na fomu ya MB 8. Vyote viwili vipandishe pamoja, upakie upya Nginx na PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP), ujaribu tena. Na kama uko nyuma ya Cloudflare ya bure, hata upandishe vipi, MB 100 kwa ombi moja ndiyo mwisho. Nextcloud hukata faili kubwa vipande vipande, basi hakikisha kipande hakizidi kiwango hicho.

502 maana yake Nginx imegonga mlango wa PHP na hakuna mtu. PHP-FPM imekufa, mara nyingi kwa kukosa RAM. 504 maana yake mtu yupo ila amechelewa kujibu. Nginx husubiri sekunde 60 kisha inakata tamaa. Unaweza kuongeza muda, lakini kwanza jiulize PHP inachelewa kwa nini. Nilipokutana nayo mara ya mwisho ilikuwa diski moja inayokaribia kufa.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili isiyotoa namba yoyote. Kurasa nyepesi zinafunguka, faili dogo linashuka, kubwa linaanza kisha linaganda, na wanaolalamika ni wa mtandao mmoja wa simu tu. Hiyo inanuka MTU: vifurushi vya data ni vikubwa kuliko njia inavyoweza kupitisha mahali fulani. Kama unatumia WireGuard kufika seva ya kukodi, shusha MTU yake kutoka 1420 ya kawaida hadi 1280, ujaribu tena. Kama ndiyo hiyo, utaona tofauti pale pale.

"Nimeingia, lakini faili silioni"

Mwenzake ofisini ameliweka kwenye folda ya Windows dakika kumi zilizopita. Nextcloud haiangalii diski kila sekunde, ina daftari lake la orodha. Kama folda imeunganishwa kama hifadhi ya nje, fungua mipangilio yake uone kama ukaguzi wa mabadiliko umewekwa "kamwe", uubadilishe ukague kila folda inapofunguliwa. Kama kuna mtu alinakili mafaili moja kwa moja kwenye diski ya data ya Nextcloud, basi daftari litasahihishwa kwa amri:

sudo -u www-data php occ files:scan --all

Baada ya hapo, mkanye asirudie.

Folda nzima ikiwa na alama nyekundu, neno la siri la Windows limebadilishwa na Nextcloud bado inatumia la zamani. Shughulikia haraka. Kama ofisi imeweka kanuni ya kufunga akaunti baada ya makosa kadhaa, Nextcloud itaendelea kugonga kwa neno la zamani mpaka akaunti ifungwe, na mwenye akaunti atakuja kwako akilalamika kwamba hata kompyuta ya mezani kwake haimpokei.

Faili linaonekana ila linasema limefungwa, 423: mtu mwingine analitumia, au lilifungwa upakiaji ukakatika katikati na kufuli halikuondolewa. Subiri kidogo kwanza. Ikijirudia kila siku, weka Redis, hifadhi ya haraka ya kwenye RAM, isimamie kufuli.

Na kama wote wanaona maandishi kwamba mfumo uko kwenye matengenezo, kuna mtu alianza kusasisha usiku umeme ukakatika. Usikimbilie occ maintenance:mode --off. Tazama kwanza usasishaji ulifika wapi, umalizie kwa occ upgrade, ndipo ufungue.

"Mtu ambaye si wetu ameona faili letu"

Hii haiji na namba ya kosa, na kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Kwa hiyo nimeiweka mwisho, ila ikija, acha mengine yote.

Chanzo cha kwanza ninachokitafuta ni kiungo cha wazi. Mfanyakazi alitaka kumtumia mteja ankara moja, akatengeneza kiungo, kisha kwa haraka akakitengeneza kwa folda nzima, akakirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kila aliyepokea, na kila aliyetumiwa na aliyepokea, anaingia bila neno la siri. Kwenye mipangilio ya msimamizi lazimisha viungo vyote viwe na neno la siri na tarehe ya kufa. Watu watanung'unika wiki ya kwanza.

Cha pili ni kompyuta ya kukodi. Alichapisha barua kwenye kafe ya intaneti, akafunga dirisha bila kutoka. Kwa kawaida Nextcloud humkumbuka mtu kwa siku 15. Mwenyewe aingie kwenye mipangilio yake, sehemu ya usalama, aone orodha ya vifaa vilivyoingia, afute asivyovitambua. Wewe kama msimamizi unaweza kuweka remember_login_cookie_lifetime iwe 0 kwa ofisi ambayo watu wake hutumia kompyuta za watu.

Cha tatu ni aliyeacha kazi. Akaunti yake ilibadilishwa neno la siri, kila mtu akaridhika. Lakini simu yake ilikuwa na programu ya Nextcloud yenye neno lake la pekee, lililotolewa siku ile alipoiunganisha. Usibadilishe neno la siri ukadhani umemaliza: izime akaunti yote, kisha upitie viungo alivyotengeneza kabla hajaondoka.

Mafaili hayo yakiwa na mishahara, nakala za vitambulisho au namba za simu za wateja, jambo si la fundi peke yake tena. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na aeleze zikivuja. Mpigie bosi siku hiyo hiyo. Na kabla hujafuta kiungo chochote, nakili kumbukumbu za Nginx mahali pengine. Hazikai milele kwenye diski, na ndizo zitakazojibu swali ambalo bosi atauliza kabla hajamaliza kuketi: ni nani amefungua, na lini.